Gusa Mfuko Kwanza

Baba yangu hakuwahi kumaliza simu kwa kusema kwaheri. Alimaliza kwa mluzi. Sauti mbili, ya kwanza chini, ya pili juu, halafu simu inakatika. Aliuanza huo mluzi alipokuwa fundi wa mawe huku Nairobi, akiwa juu ya ukuta na anataka karai la simiti lipandishwe. Mwili ulipochoka akarudi nao nyumbani Vihiga, ukawa wa kumwita mbwa. Baadaye nami nikaja mjini kutafuta, na mluzi ukawa wangu pia.

Wangu, kwa sababu watoto wake wengine hawakuweza kuujibu. Kwetu msichana hapigi mluzi. Nyanya alikuwa akisema msichana anayepiga mluzi anaita upepo uje uezue paa, na dada yangu mkubwa, mtu wa kutii tangu tumboni, hakuwahi hata kukunja midomo kujaribu. Mimi, msichana vilevile, baba alinifundisha mtoni, siku tulipoenda kuzoa mchanga, akaniambia hiyo ni siri ya mafundi. Kwa hiyo nikimpigia, akitoa zake mbili nami natoa zangu mbili, kisha tunakata. Kazini kwetu Ngara wateja walikuwa wanageuka kutafuta mbwa alipo.

Kazi yetu Ngara ni kuchapisha. Kadi za harusi zipo, lakini kinachotulisha ni vijitabu vya mazishi. Watu wa magharibi mwa Kenya hawamsindikizi mtu nyumbani bila kijitabu: picha yake usoni, maisha yake ndani, watoto na wajukuu kwa mpangilio, nyimbo nyuma. Na sijaona kijitabu kilichotoka bila ugomvi. Leo mjomba anataka atajwe kabla ya shangazi, kesho mke wa pili anatokea na wanawe, keshokutwa kamati nzima inarudi inasema, wacha, turudishie ile ya juzi. Ndiyo maana mwenye duka, mzee wa Kihindi ambaye babu yake pia aliuza vitu kwenye barabara hiyo hiyo, alikubali kuwekewa programu inayotunza kila toleo la kila faili. Ukitaka la juzi, unalipata kama lilivyokuwa juzi. Programu yenyewe ni ya bure, imeandikwa kwa Python, lugha ya kuandikia programu, na watu wanaoitengeneza wametapakaa duniani, hawajuani kwa sura. Mfanyakazi aliyeiweka aliondoka kabla sijaja. Nilirithi programu, na kiti chake kilichokatika mgongo.

Shule mimi niliishia kidato cha nne, na si kwa alama za kutundika ukutani. Python nilijifunza kwa video, nikiwa chumbani kwangu Kangemi, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Nilikuwa na ndoto kwamba siku moja kitu nilichoandika mimi kitaingia ndani ya programu inayotumiwa na watu nisiowajua. Ndoto ya namna hiyo mtu huificha, lakini mimi sina hiyo tabia. Niliwaambia wote. Hata mama mboga wa pale kwa lango la ploti alijua, na kila asubuhi alinisalimia, niaje wewe wa kompyuta, bado hawajakuita? Nami namjibu wako njiani, ni jam tu ya Waiyaki Way.

Baba akaanza kuugua. Mapafu. Miaka yote ile ya kuchonga mawe alikuwa akijifunga leso puani, na leso haizuii kitu. Dada, aliyekuwa akiishi Kinoo na mumewe, alienda nyumbani kumuuguza. Mimi nilikuwa nipate ruhusa mwisho wa mwezi, kazi ikipungua.

Haikupungua, kwa sababu programu iliharibika. Mzee alikuwa ameleta kompyuta nyingine, si mpya lakini mpya kwetu, na tangu tuihamishie kazi, maandishi yalihifadhiwa vizuri ila ukiweka picha ya marehemu tu, programu inaanguka chali. Vijitabu vikaanza kupangana foleni bila sura. Mzee hakufoka. Alikuja akasimama nyuma yangu na kikombe chake cha chai, akauliza, "Beti, hii itapona?" Beti ni binti kwa lugha yao. Nikamwambia itapona. Sikuwa na hakika hata kidogo.

Ugonjwa wenyewe nitaueleza kama nilivyomweleza baba. Programu kubwa imegawanywa vipande, vinaitwa moduli. Kama ingebeba vyote kila inapoamka, kwa mashine za umri wa zetu ungeiwasha uende ukanywe chai urudi. Kwa hiyo waliofanya programu wakafanya ujanja: isibebe kitu mpaka kihitajike. Mahali pa kila kipande panawekwa kivuli tu, na kivuli kinaitikia, niko. Siku utakayokigusa ndipo mwenyewe anakimbiliwa kuletwa. Ujanja mzuri, siusemi vibaya. Lakini kuna mahali programu inauliza: kile kipande kipya cha picha kipo? Kama hakipo, nichukue cha zamani. Swali la busara kabisa. Kwenye mashine yetu kipya hakikuwepo, cha zamani kilikuwepo, mambo yangeisha hapo. Sasa kivuli kikajibu, niko. Hakuna aliyeenda kuangalia. Programu ikaridhika, ikaacha cha zamani nyuma, ikaenda zake, na huko mbele kabisa, mkono umenyooshwa kufungua picha, ndipo inakuta hakuna mtu. Kosa linaonekana huko mbele. Nami huko mbele ndiko nilikokuwa nikitafuta, siku baada ya siku, nikichokora mahali pasipo na hatia.

Baba alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Nilikuwa nimempigia saa ya chakula, nimekaa kwenye ngazi za nyuma ya duka na chapati mkononi.

"Hiyo naijua, mama," akasema. Ananiita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Hiyo ni simiti ya msimamizi."

Akanisimulia, akipumzika katikati ya maneno. Walikuwa wakijenga upande wa Kinoo, enzi zile kandokando ya barabara bado ni mashamba. Asubuhi wanamuuliza msimamizi, simiti iko? Anasema iko, stoo imejaa. Basi wanachota maji, wanachekecha mchanga, wanapanga mawe, jua linapanda. Stoo ikifunguliwa, mifuko imesimama vizuri kwa mistari, yote imejazwa vumbi la mawe. Siku imekufa, na ukuta hauna wa kumlaumu.

"Tangu hapo," baba akasema, "mtu akiniambia iko, sibishani. Naenda nagusa mfuko kwanza. Nikiukosa, nimejua mapema, natafuta njia ingine. Wewe gusa mfuko, mama. Pale pale unapouliza."

Kisha mluzi. Ulikuwa umepungua pumzi, ile sauti ya juu ilitetemeka kidogo, lakini ulifika. Nami nikatoa wangu, makombo ya chapati yakaruka.

Niligusa mfuko. Pale pale programu inapouliza kama kipande kipo, niliongeza mstari wa kukishika kidogo, kukiomba kitu kimoja tu cha ndani yake, ili kama ni kivuli kijulikane hapo hapo. Na juu ya mstari huo niliandika maelezo, kama wanavyofanya waandishi wa programu: gusa mfuko kwanza. Nikaiwasha. Nikaweka picha ya bibi mmoja wa Kangemi ambaye watoto wake walikuwa wakiingojea tangu mwanzo wa wiki. Akatokea, na kilemba chake. Mzee alipiga kofi moja mezani akaenda kuongeza chai.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini ndoto yangu je? Nikawatumia mstari wangu wale watu waliotapakaa duniani, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, nikaeleza ugonjwa na dawa. Nikasubiri. Mmoja wao akajibu. Sijui ni mwanamume au mwanamke, wala yuko nchi gani. Alisema wazo ni zuri, ila niandike na jaribio, yaani kipande kidogo kinachoonyesha programu ikianguka bila dawa na ikisimama ikiwa nayo. Na akauliza, haya maneno ya hapa juu maana yake nini? Nikamwandikia habari ya baba na simiti ya msimamizi. Akajibu kwa mstari mmoja: usiyatoe, yaache.

Unaona nilichokuwa nacho sasa. Haikuwa ndoto yangu tena peke yangu. Maneno ya fundi wa mawe wa Vihiga yalikuwa yanakaribia kuingia ndani ya kitu ambacho watu wa mbali wangekifungua na kukisoma, na mwenye maneno amelala kitandani. Nilitaka kitu kimoja tu: alisikie hilo akiwa na masikio ya kusikia.

Nikapiga simu yake. Akapokea dada. Baba amelala, akasema, usiku haukuwa mzuri. Nikamwachia salamu. Kesho yake akapokea dada: baba anakula uji. Nikamwambia habari ya jaribio, jinsi ninavyoliandika, jinsi lilivyokataa mara ya kwanza kwa sababu nilisahau nukta mbili, nikacheka, naye dada akacheka kidogo. Akaniambia baba amesema nile vizuri, nisiishi na chai. Siku iliyofuata akapokea dada. Baba amesema hongera. Nyingine tena, akapokea dada. Baba amesema pole na kazi, endelea hivyo hivyo. Nilikuwa napokea maneno yale kama mtu anayepokea pipi. Shemeji yangu wa Kinoo naye akanipigia Jumanne, jambo ambalo si kawaida yake, nikamsimulia yote bila kumpa nafasi, akasema sawa, nilitaka tu kukujulia hali.

Jumamosi mchana ujumbe ukaja. Imekubaliwa. Imeingizwa. Nilipanda mpaka juu ya jengo letu, mahali wapangaji wanapoanika nguo, kwa sababu huko mtandao hausumbui. Mashuka ya watu yalikuwa yanapigwa na upepo na chini soko la Ngara linapiga kelele zake. Nikapiga.

"Dada, imeingia. Maneno ya baba yameingia, yako huko. Mwambie."

"Nitamwambia akiamka."

"Mwambie sasa hivi, mimi nisikie."

Nikamsikia akiita, mdomo ukiwa mbali na simu, baba, huyu mtoto anasema imeingia. Akarudi. "Amefurahi. Ametabasamu."

"Mpe simu."

"Hana nguvu ya kuishika, mdogo wangu."

"Asiongee basi. Mwekee tu kwa mdomo apige ule mluzi. Hata ikiwa ni hewa tupu, mimi nitajua."

Upande wa pili nilisikia jogoo, nikasikia viti vya plastiki vikivutwa, vingi, na wanawake wakiimba kwa sauti ya chini ule wimbo ambao huwa tunauchapisha kurasa za nyuma. Halafu, karibu kabisa na simu, mtu akapuliza. Fyu. Hewa. Akapuliza tena, fyu, midomo ya mtu ambaye hajawahi kuikunja tangu azaliwe, akitafuta sauti mbili asizojua zinatoka wapi.

Nikasema, "Dada."

"Nimejaribu," akasema. Alikuwa analia. "Nimejaribu, mdogo wangu, siwezi."

"Yuko wapi?"

"Nenda Kinoo. Shemeji yako anakungoja. Wako wengi, hautakuwa peke yako."

Sikumbuki nilivyoshuka zile ngazi. Nakumbuka mzee alisimama aliponiona, akamwambia kijana wa printa afunge, akanisindikiza mwenyewe mpaka steji ya matatu, yeye ambaye miguu yake haimpi ruhusa ya kufika hata benki.

Kinoo nilikuta kamati. Walikuwa wakikaa uani kwa dada kila jioni, wiki nzima: shemeji, baba mdogo, akina mama wa kanisa, watu wa kwetu wanaoishi Kangemi ambao nilikuwa nikipishana nao sokoni wakinisalimia na kuinamisha macho. Baba alikuwa amefariki Jumatatu alfajiri. Baba mdogo ndiye aliyeamua. Kwetu kitindamimba hapewi habari ya kifo kwa simu, akiwa peke yake chumbani na mlango umefungwa. Anaambiwa mgonjwa amezidiwa kidogo, njoo, kisha anaambiwa akiwa katikati ya watu, mikono iko tayari kumdaka. Walipanga kunichukua Jumapili baada ya kanisa. Ni desturi, nami naijua. Nimewahi kukaa katikati ya watu kama hao, nikamngoja mtu aingie langoni akiwa hajui, na mikono yangu ikiwa tayari.

Lakini shemeji hakutaka desturi ibebe lawama yote. Alinivuta kando, karibu na tangi la maji.

"Mimi nilikataa kungoja," akasema. "Nilikupigia Jumanne nikuambie nije nikuchukue. Ukapokea unacheka. Ukaniambia, shemeji, wamesema niandike jaribio. Sasa mimi ningeingilia wapi? Nikarudi nikawaambia hawa, mwacheni kwanza afurahi, hii nyingine haiendi popote."

Mama mmoja wa kanisa akanishika mabega, na hapo ndipo mikono yote ile ilipopata kazi.

Jumatatu nilirudi Ngara. Mzee alidhani nimekuja kuomba ruhusa. Nilikuja kutengeneza kijitabu. Akasema beti, kazi hii wengine wanaiweza. Nikamwambia najua, mzee. Akaniondolea kile kiti kilichokatika mgongo, akaniwekea chake, kisha akaketi pembeni, akikunja karatasi ambazo hazikuwa na haja ya kukunjwa. Picha niliyochagua baba yuko juu ya ukuta, mwiko mkononi, amefumba jicho moja kwa sababu ya jua. Nikaiweka. Programu ikauliza, ikagusa, ikakosa kipya, ikachukua cha zamani, na baba akatokea. Baba mdogo alibadilisha mpangilio wa majina, akarudisha wa kwanza, akabadilisha tena. Nikamtolea kila alilotaka. Kwa mara ya kwanza niliomba wateja wasiache kugombana, kwa maana wakikubaliana itabidi nichapishe.

Nyumbani, kabla ya kuzika, nilimpata dada jikoni peke yake. Nilimwuliza swali moja tu. Zile salamu zote alizonipa, zipi zilikuwa za baba?

Akafikiri kwa uaminifu, kama mtu anayechambua mchele.

"Ya kula vizuri ilikuwa yake," akasema. "Aliisema Jumapili. Ya hongera ilikuwa yangu. Na ile ya pole na kazi. Zingine zote zangu."

Nikamwambia zilikuwa nzuri. Nilimaanisha hivyo. Tukakaa na moshi wa kuni machoni. Alikuwa amempakata baba mikononi alfajiri ile, halafu akashika simu yake siku zote hizo, akiitikia kwa niaba yake, na kila alipoitikia ilibidi kwanza afikirie baba angesema nini. Sijui kama mimi ningeweza.

Tulimzika mchana. Watu wakaenda kula. Nilibaki kwenye udongo mbichi pamoja na shangazi wawili waliokuwa wakipanga mashada, baba mdogo akiwa ameegemea mti wa mparachichi, kofia mkononi. Nilikuwa na habari ya kumpa baba na sikutaka kuituma tena kwa mtu. Nikamwambia imeingia. Nikamwambia walitaka kujua maana ya maneno nikawaambia, na wakasema yaachwe. Halafu nikakunja midomo nikapiga mluzi, sauti mbili, ya kwanza chini, ya pili juu, mbele ya watu, kwa mara ya kwanza maishani mwangu hapo nyumbani.

Shangazi mmoja akageuka na mkono juu, tayari kunikemea. Baba mdogo akasema, "Mwacheni."

Mbwa wa baba alikuwa amelala chini ya meza ya wapishi, katikati ya mifupa ambayo hajawahi kuiona kwa wingi ule. Akainua kichwa, masikio juu. Akaiacha mifupa. Akatupita mbio, akalipita kaburi bila kulitazama, akaenda mpaka langoni, akasimama pale, mkia ukitikisika, akiangalia barabara ya mtoni.